Jinsi ya kuiandaa simu, laini na akaunti zako kwa mitandao ya kijamii ijayo

Kuna mabadiliko mawili yanayokwenda kwa pamoja. Kampuni za simu zinazima mitambo ya 2G na 3G ili masafa yake yatumike kwa 4G na 5G. Wakati huohuo mitandao ya kijamii inagawanyika: mingine bado inakufungia ndani pamoja na watu wako, mingine inajengwa ili mtu aweze kuhama bila kuanza upya.

Mtu hupotezana na watu wake kwa njia tatu: simu imekataa, namba imepotea, au mtandao wenyewe umefungwa. Maelekezo haya yote yana lengo moja: ukipoteza kimoja kati ya hivyo vitatu, viwili vilivyobaki vikurudishe kwa watu wako.

Simu: je, inapiga kwa 4G?

4G ilijengwa kubeba data tu. Ili sauti ya simu ya kawaida ipite humo panahitajika VoLTE, yaani teknolojia ya kubeba sauti kupitia 4G (ambayo pia huitwa LTE). Simu isiyo na VoLTE, au ambayo VoLTE yake imezimwa, hushuka kwenye 3G au 2G kila inapopigiwa, kisha hurudi 4G maongezi yakiisha. Maadamu mitambo ya zamani ipo, mwenye simu haoni tatizo lolote. Ikizimwa, anabaki na intaneti yenye kasi kwenye simu isiyoweza kupiga wala kupokea. Ujerumani ilizima 3G mwaka 2021. Marekani, AT&T ilizima yake Februari 2022 na Verizon ikamaliza mwishoni mwa mwaka huo.

Kupima ni kazi ya dakika moja. Zima Wi-Fi, hakikisha juu ya skrini pameandikwa 4G, LTE au 5G, kisha piga simu huku ukiiangalia alama hiyo. Ikibaki 4G, au ikitokea alama ya VoLTE au HD, uko salama. Ikigeuka kuwa 3G, H, H+ au E mara tu unapopiga, simu imeshuka kwenye mtambo wa zamani. Dalili nyingine ni kwamba kurasa hazifunguki wakati unaongea, na kunakuwa na kimya cha sekunde kadhaa kabla simu haijaanza kuita.

Ikishuka, usikimbilie kununua nyingine. Fuata hatua hizi:

1. Ingia kwenye mipangilio ya laini, tafuta palipoandikwa VoLTE au simu za 4G, uwashe. Simu ya laini mbili huwa na swichi mbili, na ya laini ya pili ndiyo husahauliwa.
2. Sasisha mfumo wa simu. Kampuni za simu huidhinisha VoLTE modeli kwa modeli, na mara nyingi idhini hiyo hufika pamoja na masasisho.
3. Zima simu, iwashe, pima tena.
4. Bado inashuka? Bonyeza *#06# upate IMEI, ile namba ya tarakimu 15 inayoitambulisha simu yako. Wapigie huduma kwa wateja uwaulize mambo mawili: kama modeli hiyo imeidhinishwa kwa VoLTE kwenye mtandao wao, na kama simu zake za dharura zinapita kwenye 4G.

Swali la pili lina uzito wake. Australia ilipozima 3G mwishoni mwa Oktoba 2024, zilikuwepo simu zilizopiga namba za kawaida kwa 4G vizuri kabisa lakini zikitegemea 3G kwa namba ya dharura, na kampuni zikalazimika kuzifungia zisitumie mitandao yao. Mwenye simu ya aina hiyo asingegundua kitu kwa kumpigia rafiki. Usipime kwa kupiga namba ya dharura, uliza.

Ukinunua simu iliyotengenezwa kwa soko la nchi nyingine, angalia na bendi zake, yaani vipande vya masafa inavyoweza kushika. Masafa ya chini, kama megahezi 700 (bendi 28) na 800 (bendi 20), hufika mbali na kupenya kuta. Ya juu, kama megahezi 2600 (bendi 7) na 3500 ya 5G (n78), hubeba data nyingi lakini huishia karibu na mnara. Simu isiyo na bendi ya chini inayotumiwa na mtandao wako itashika vizuri ukiwa nje, itapotea ukiingia ndani, na hakuna mpangilio utakaoitibu. Linganisha orodha ya bendi za simu na za kampuni yako kabla hujalipa.

Kuhusu 5G: alama yake haina ahadi ya kasi. Mahali inaposhika kwa kusuasua, simu huruka kati ya 5G na 4G, betri huisha mapema na video hukatika. Chagua 4G kwenye aina ya mtandao unaopendelea, uirudishe 5G ukifika penye mnara wa karibu.

Simu zilizozeeka zina kikwazo kingine kisichohusu mnara. Tovuti nyingi hupata vyeti vyake vya usalama, vinavyothibitisha kwamba tovuti ni halisi, kutoka kwa mtoaji vyeti aitwaye Let's Encrypt, na Android iliyo chini ya toleo 7.1.1 haina cheti mama kinachovitambua, yaani ISRG Root X1. Matokeo yake kivinjari kinaonya kwamba tovuti si salama hali tovuti yenyewe haina kasoro. Kabla ya kuihukumu simu, angalia tarehe na saa: simu iliyorudi nyuma miaka kadhaa baada ya betri kuisha kabisa hutoa onyo hilohilo, na kuiweka sawa tarehe huondoa tatizo papo hapo.

Kuhama kwenda eSIM bila kukatika njiani

iPhone 14 iliyouzwa Marekani kuanzia 2022 haikuwa na tundu la kadi kabisa, na mwelekeo ni huo. eSIM ni laini inayopakuliwa na kuandikwa ndani ya simu. Simu inayoikubali huonyesha namba ya EID yenye tarakimu 32 ukibonyeza *#06#. Isipoonekana, simu yako huenda haina uwezo huo.

Kuhama kwenyewe ni kwepesi. Kinachoharibu ni mpangilio mbaya wa hatua. Unganisha simu na Wi-Fi kwanza, kwa sababu eSIM hupakuliwa kwa intaneti na laini ya zamani inaweza kuzimika katikati ya kazi. Msimbo wa QR ufunguliwe kwenye skrini nyingine au uchapishwe, maana simu haiwezi kupiga picha skrini yake yenyewe. Changanua, subiri mtandao ushike, piga simu moja, tuma ujumbe mmoja, fungua ukurasa mmoja kwa data. Hapo ndipo uiweke pembeni kadi ya zamani.

Msimbo wa QR mara nyingi hutumika mara moja tu. Anayeifuta eSIM akidhani ataichanganua tena hulazimika kuomba mpya, na kuomba kwenyewe kunahitaji uthibitisho wa utambulisho. Kwa hiyo unapoirudisha simu kwenye hali ya kiwandani, soma vizuri: mfumo huuliza kama ufute na eSIM. Kama simu inabaki kwako, usifute.

Laini mpya ikionyesha mnara kamili lakini data haipiti, mara nyingi kosa huwa kwenye APN, mpangilio unaoiunganisha simu na intaneti ya kampuni yako. Fungua mipangilio ya mtandao wa simu, ingia APN, linganisha herufi kwa herufi na zile za kampuni yako. Nafasi moja iliyozidi mwishoni inatosha kukata kila kitu. Kama APN ni sahihi, angalia palipoandikwa itifaki ya APN (aina ya anwani za intaneti) na uchague IPv4/IPv6 badala ya IPv4 peke yake. Likishindikana hilo, uliza kama simu imefungwa kwa mtandao mwingine.

Namba yako isiwe ufunguo pekee

Hapa ndipo wengi wanaumia. Akaunti nyingi hurejeshwa kwa ujumbe mfupi unaotumwa kwenye namba ya simu, kwa hiyo anayeipata namba anazipata na akaunti. Anaweza kuipata kwa kumdanganya mhudumu ahamishie laini kwenye kadi nyingine. Anaweza pia kuipata kihalali kabisa: namba isiyotumika kwa muda hurudishwa sokoni na kuuzwa kwa mtu mwingine.

Anza na kadi yenyewe. Washa PIN ya laini, ili anayeiba simu asichomoe kadi na kupokea misimbo yako kwenye simu nyingine. Ukikosea PIN mara tatu, kadi huomba PUK, msimbo wa kuifungulia wenye tarakimu 8; ukikosea PUK mara kumi, kadi imekufa. Andika PUK mahali nje ya simu kabla ya kuwasha PIN.

Kisha zipe akaunti zako njia ya kuingia isiyotegemea laini. Ufunguo wa siri (passkey) unaofunguliwa kwa alama ya kidole au uso ndiyo njia bora inapokuwepo, kwa sababu hufanya kazi kwenye tovuti halisi tu. Ukurasa wa kitapeli hauwezi kuuomba. Pasipo na ufunguo wa siri, tumia programu ya uthibitishaji inayotoa tarakimu 6 zinazobadilika kila sekunde 30. Programu hii haihitaji mnara wala intaneti, ila inahitaji saa sahihi. Misimbo ikikataliwa mfululizo, weka saa ya simu ijirekebishe yenyewe. Misimbo ya dharura unayopewa wakati wa kuwasha ichapishe au iandike kwa mkono. Kuihifadhi kama picha ndani ya simu ileile ni sawa na kutokuwa nayo siku simu inapopotea.

WhatsApp ina PIN yake ya tarakimu 6, chini ya uthibitishaji wa hatua mbili. Iwashe na uweke barua pepe. Aliyesahau PIN bila kuwa na barua pepe husubiri siku 7 kabla ya kuruhusiwa kuweka upya. Nakala rudufu ya mazungumzo nayo ifungwe kwa nenosiri au kwa ufunguo wa tarakimu 64, na nenosiri hilo litunzwe, maana likipotea hakuna wa kukufungulia.

Ukibadilisha namba, tumia kipengele cha kubadilisha namba kilicho ndani ya WhatsApp badala ya kufungua akaunti mpya. Fanya hivyo ukiwa bado umeingia kwa namba ya zamani, huku namba mpya ikiwa tayari kupokea ujumbe. Magrupu na mipangilio huhamia namba mpya. Aliyeachana na namba ya zamani kwanza, akafungua upya, hubaki akiomba kuingizwa grupu moja baada ya jingine. Vifaa vilivyounganishwa, kama kompyuta, navyo hutolewa nje simu kuu ikikaa zaidi ya siku 14 bila kutumika.

Signal, programu nyingine ya ujumbe, bado inahitaji namba wakati wa kujiandikisha, lakini tangu Februari 2024 mtu anaweza kukupata kwa jina la mtumiaji bila kuiona namba. Ukiwa na watu usiowafahamu vizuri, wape jina.

Akaunti: kuhama kabla mlango haujafungwa

Mitandao ya kijamii hufa. Orkut ilifungwa Septemba 2014, Google+ Aprili 2019. Myspace haikufungwa, lakini mwaka 2019 ilikiri kwamba muziki na picha zilizopakiwa humo kabla ya 2016 zimepotea wakati wa kuhamisha seva. Kwa hiyo kila akaunti unayoijali iombee nakala yake sasa hivi, hata kama huna nia ya kuondoka.

Kwenye Facebook na Instagram ombi hilo liko kwenye kituo cha akaunti, sehemu ya taarifa zako. Kabla ya kutuma ombi kagua mambo matatu. Kipindi: chagua muda wote, kwa sababu kilichowekwa tayari kinaweza kuwa mwaka mmoja tu. Ubora wa picha: chagua wa juu. Muundo wa faili: HTML (hufunguka kwenye kivinjari) kama unataka kusoma mwenyewe, JSON (husomwa na programu) kama unafikiria kupakia kwingine, nafasi ikiruhusu, omba zote mbili. Faili likiwa tayari utaarifiwa, na kiungo chake hudumu siku chache tu, kwa hiyo omba siku ambayo una Wi-Fi na nafasi ya kuhifadhi. Fungua faili baada ya kupakua. Faili lililokatika katikati lina jina sahihi na halifunguki.

Nakala hiyo inaokoa picha na maneno yako, ila haiokoi uhusiano wako na watu. Hilo ndilo mitandao ya aina mpya inajaribu kulitatua, kwa njia mbili tofauti.

Ya kwanza ni ActivityPub, itifaki (kanuni za mawasiliano kati ya seva) iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Januari 2018 na inayotumiwa na mtandao wa kijamii wa Mastodon. Seva ni nyingi, wenye seva ni tofauti, na mtu wa seva moja humfuata wa seva nyingine. Kuhama kunakwenda hivi:

1. Kwenye akaunti ya zamani, pakua orodha za CSV (faili za jedwali): unaowafuata, uliowazuia, uliowanyamazisha, orodha zako na alamisho.
2. Fungua akaunti kwenye seva mpya. Ingia mipangilio ya akaunti, sehemu ya kuhama kutoka akaunti nyingine, uandike anwani kamili ya akaunti ya zamani, pamoja na jina la seva.
3. Rudi akaunti ya zamani, sehemu ya kuhamia akaunti nyingine, andika anwani mpya na nenosiri la akaunti hii ya zamani, thibitisha.
4. Kwenye akaunti mpya, pakia zile CSV moja moja.

Wafuasi huhamia wenyewe, na inaweza kuchukua saa kadhaa. Machapisho hayahami, hubaki seva ya zamani. Baada ya kuhama huwezi kuhama tena kwa siku 30, kwa hiyo kagua kwanza kanuni za seva mpya, nani anaiendesha, na inapata wapi fedha za kuendelea. Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kuruka hatua ya 2, na hapo akaunti ya zamani hukataa kuhama kwa sababu mpya haijaitambua. La pili halina dawa: amri ya kuhama hutolewa na seva ya zamani, kwa hiyo ikishazimwa hakuna wa kuitoa. Mwenye seva akitangaza kufunga, hama siku hiyohiyo.

Njia ya pili ni AT Protocol, ambayo ndiyo msingi wa Bluesky, mtandao uliofunguliwa kwa watu wote Februari 2024. Humo kila mtu ana kitambulisho cha kudumu, na jina linaloonekana ni kibandiko kinachoweza kubadilishwa bila wafuasi kupotea. Jina hilo linaweza kuwa kikoa chako mwenyewe, yaani anwani ya tovuti uliyoisajili: kwenye DNS ya kikoa (orodha ya rekodi zake, iliyo kwa msajili wa kikoa) unaongeza rekodi ya TXT yenye jina _atproto, na thamani inayoanza na did= kama unavyopewa kwenye mipangilio, kisha unathibitisha. Ikigoma, tazama kama msajili wa kikoa amejiongezea jina la kikoa mara mbili kwenye rekodi. Hilo ndilo kosa la kawaida. Kama sivyo, subiri DNS isambae. Nakala ya akaunti huja kama faili la aina ya CAR lenye machapisho lakini bila picha, kwa hiyo picha zitunze mwenyewe.

Kati ya matumizi yote yaliyotajwa hapa, kikoa ndicho kinachostahili pesa zaidi. Ukurasa mmoja kwenye kikoa chako, ukieleza unapatikana wapi kwa sasa, humfikisha mtu kwako mtandao wowote ukifa. Washa kulipia upya kiotomatiki, na barua pepe ya usajili isiwe kwenye kikoa hichohicho: kikiisha muda, onyo la kuisha litatumwa mahali usipoweza kulisoma.

Bando: hesabu kabla ya kulaumu

Megabiti 1 kwa sekunde ni sawa na MB 450 kwa saa. Kwa kanuni hiyo unaweza kukadiria chochote. Video ya megabiti 4 kwa sekunde hula GB 1.8 kwa saa. Sauti ya kilobiti 24 kwa sekunde hula karibu MB 11 kwa saa kwa kila upande, yaani kama MB 22 kwa maongezi ya saa nzima. Ndiyo maana kuzima video kwenye simu ya WhatsApp kunaokoa bando kwa kiasi kikubwa.

Mitandao ya video fupi hupakua video inayofuata kabla hujaifikia, hata usipoitazama. Zima kujicheza kwa video, washa kiokoa data ndani ya programu na kwenye mfumo wa simu pia, na zuia magrupu yasipakue video yenyewe kwa data ya simu. Baada ya wiki, fungua matumizi ya data kwa kila programu uone iliyo juu ya orodha.

Setilaiti

iPhone 14 ilianza kutuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti Novemba 2022, na huduma za kuunganisha simu za kawaida moja kwa moja na setilaiti zinaongezeka. Zichukulie kama njia ya ujumbe mfupi. Simu lazima ione anga. Paa, bonde jembamba au miti mizito huzuia. Kama simu yako ina uwezo huo, fanya zoezi la majaribio lililomo kwenye mipangilio ukiwa na muda, ujue namna ya kuielekeza.

Pima yote kwa pamoja

Weka simu kwenye hali ya ndegeni na uiache pembeni. Chukua kifaa kingine chenye Wi-Fi, fungua dirisha la faragha la kivinjari, na ujaribu kuingia barua pepe yako kuu, kisha kila mtandao unaoutegemea, bila kugusa simu. Utakapoambiwa usubiri ujumbe mfupi na hakuna njia nyingine, hapo ndipo pa kuongeza ufunguo wa siri au misimbo ya dharura. Barua pepe kuu itangulie, maana akaunti nyingine nyingi hurejeshwa kupitia hiyo pia. Halafu jaribu kuwaandikia watu watano wa karibu bila kufungua kitabu cha namba kilicho kwenye simu. Usipoweza, hamisha majina yote kama faili la vCard (faili la majina na namba) na ulihifadhi mahali pawili. Rudia zoezi hili kila unapobadilisha simu au laini.